Nani Atamnyoa Radosh?

Kamenyak, Jumanne baada ya Pasaka, mwaka wa pili tangu mfalme mzee azikwe

Mdogo wangu Desa,

Salamu nyingi kama mvua. Mwandiko ukipinda usinicheke. Ngozi hii nimeikwangua kutoka kitabu cha Baba kilicholiwa na panya, na wino ni masizi tu na siki. Baba, Mungu amrehemu, alitufundisha hizi herufi za milimani tusome sala, hakujua binti yake mkubwa atakuja kuzitumia kwa umbea. Tolen muuza chumvi ananisubiri mlangoni na punda wake anakula vitunguu vyangu, kwa hiyo nakwenda mbio.

Kwanza kabisa, mpaka umehama tena! Si unajua tangu mfalme mzee afe wanawe wawili wanavutana kama watoto na blanketi. Mwana Mkubwa amekimbilia huko kwenu mjini, Walatini wenu wanamshika mkono, na Waveneti wa ng'ambo ya bahari wamemletea merikebu. Mwana Mdogo kabaki na sisi huku juu. Basi wakaja watu wenye kamba na vigingi, wakasema mpaka ni kijito. Kijito kipi? Kile cha nyuma ya nyumba yangu, ambacho mafuriko ya juzi yamekihamisha! Sasa jiko langu liko kwa Mdogo na zizi la mbuzi liko kwa Mkubwa. Nikienda kukamua nasafiri nchi ya kigeni. Nikamuuliza yule mwenye kamba, "Na nikiwa mlangoni, mguu mmoja ndani mmoja nje, mfalme wangu nani?" Akaniambia, "Mama, funga mlango."

La pili, mwanangu Vuchina kapewa mnara wa kivukoni! Eti yeye ndiye mkuu. Nimejivuna mpaka majirani wamenichoka. Lakini usije ukadhani ni jeshi, mwenzangu. Anayelinda upande wa mto ni Bogdan, yule kiziwi, kapenda mwenyewe maana huko analala bila kelele. Prodan analinda pipa la divai. Komeo la mlango limeoza, wanafunga kwa kamba ya mbuzi, tena kamba yangu, hawajairudisha. Nilipopeleka chakula nimemkuta mkuu mzima anashona suruali.

La tatu ndilo linaloninyima raha. Mjukuu wangu Radosh ana mwaka na miezi, nywele zimemfika puani, na bado hajanyolewa. Luba, mke wa Vuchina, anataka mjomba wake ashike mkasi. Vuchina hataki, anasema yule mjomba ni mwizi wa kondoo. Mimi nasema tusikurupuke. Huku si huko kwenu, mtu ananyolewa na kinyozi halafu kwaheri. Atakayemkata Radosh nywele za kwanza na kumpa zawadi kwa mkono wake, huyo ni ndugu yetu mpaka kaburini, nyumba yake na yetu hazimwagiani damu tena hata zikigombana vipi. Sasa mtu wa namna hiyo unamchagua kwa haraka? Mtoto anagonga milango kwa kutoona, lakini atasubiri.

Punda amemaliza vitunguu. Nisalimie shemeji Sergi.

Dada yako,
Stana


Mjini, sikukuu ya Mtakatifu Marko

Dada Stana,

Barua imefika, na Tolen anarudi leo leo, kwa hiyo maneno yangu ni machache.

Unajua jinsi barua zako zinavyopendwa nyumbani kwetu. Sergi huniomba nizisome baada ya chakula, nazigeuza kwa lugha yao, wageni wanacheka mpaka wanalia. Jana nimesoma hii. Kwa kijito na zizi walicheka. Kwa Bogdan kiziwi walipiga meza. Mezani alikuwepo shemeji yangu Berigoi, ndugu wa Sergi kwa baba, yule ambaye marehemu mama yake alikuwa wa milimani kama sisi. Ndiye mkuu wa askari wa mji.

Dada, Berigoi hakucheka.

Aliweka kisu chini akaniuliza, "Kiziwi analinda upande gani?" Nikajifanya sijasikia. Akauliza tena, polepole, kama mtu anayeuliza bei. Sergi akamjibu kwa niaba yangu, "Wa mto, si umesikia?" na wote wakacheka tena. Leo asubuhi mafundi wa merikebu wanatengeneza ngazi. Ndefu. Merikebu haihitaji ngazi za namna ile.

Mwambie Vuchina aondoke pale. Usiandike tena habari za mnara. Mimi ndiye niliyesoma, na sijalala.

Desa


Kamenyak, siku ya Filipo na Yakobo

Mdogo wangu mpendwa Desa, na shemeji Sergi, na wageni wote mnaosikiliza huko mezani, kuleni mshibe!

Ile barua ya Pasaka nilikosea, jamani, uzee huu. Huko mnarani watu wako wengi mno! Ukitupa jiwe haligusi ardhi. Nimepika supu ya kabichi kwenye pipa la kufulia na bado wengine wamelala na njaa. Bogdan amepona masikio, sasa anasikia samaki wakipiga chafya. Prodan ameacha pombe. Mlango ni wa chuma mtupu, umetoka mji wa Nin, umevutwa na maksai. Na Mwana Mdogo ameleta mashine ya kurusha mawe, ni kubwa kama kanisa, nimeiona kwa macho yangu haya mawili. Yaani mtu akija pale amejichimbia shimo. Basi tuachane na hayo, mimi ni mwanamke tu, sijui vita.

Ninayewapenda,
Stana

(Hii ngozi ndogo nimeiviringisha ndani ya jibini. Desa, usiisome mezani!)

Nimekwenda kwa Vuchina mbio mpaka kiatu kimebaki njiani. Nimemwambia, "Mwanangu, wanakuja, ondoka." Anasema, "Nani kakwambia?" Nasema, "Mimi mwenyewe ndiye niliyewaambia!" Akanitazama. Hakugomba, na hilo ndilo limeniuma, bora angegomba. Kasema, "Mama, nimekula kiapo. Nikiacha mnara kwa sababu ya ngazi, nitamwambia nini Radosh akikua?" Nikamwambia Radosh atakua bila baba basi. Akarudi kushona.

Desa, nimemzaa mmoja tu. Wengine wote niliwazika wachanga, unajua, ulikuwepo. Siwezi kumzika huyu kwa sababu ya mdomo wangu.

Ndio maana nimewaza kitu. Huyo Berigoi wenu ameoa? Ana watoto? Ana mtu yeyote huku juu ambaye ameshafunga naye udugu wa nywele? Nijibu hilo tu. Luba nimeshamwambia, analia lakini amekubali. Vuchina hajui kitu.

S.


Mjini, Ijumaa kabla ya Kupaa Bwana

Dada Stana,

Nimesoma ile kubwa mezani kama ulivyotaka. Safari hii Berigoi alicheka. Alicheka peke yake, muda mrefu, akafuta macho akasema, "Huyu mama anampenda sana mwanawe." Kwa hiyo sasa anajua kwamba tunajua.

Hajaoa. Hana mtoto. Huko juu hana mtu, mama yake alimleta mjini akiwa mdogo na hakurudi. Anavaa kama wao, anasali kama wao, ndevu ananyoa. Mila zetu nadhani hazijui, na kama aliwahi kuzijua ameshazisahau. Nimekuelewa unachowaza, na nimeona hakuna njia nyingine.

Amri imetoka, wataondoka baada ya sikukuu ya Mtakatifu Vid. Siku za Vid malango yako wazi na hakuna anayeruhusiwa kuchomoa upanga, hata kwa watu wa huko. Njoo na mtoto. Wewe ni dada yangu, unakuja kula sikukuu, nani atashangaa? Berigoi atakuwa mezani. Mengine uniachie mimi.

Lakini uelewe, dada. Ikijulikana baadaye kwamba nimempangia mkuu wa askari wao jambo hili, sitakuwa tena mke wa Sergi, nitakuwa mwanamke wa milimani aliyeingia nyumbani kwao na hila. Sergi hajui. Usimwambie Tolen. Usimwambie jirani. Usimwambie mtu yeyote, dada, na najua ninamwambia nani.

Desa


Kamenyak, siku mbili baada ya Vid

Desa wangu,

Tumefika salama. Nimemwaga wino kwenye unga.

Mimi sijawahi kunyamaza kwa muda mrefu namna ile! Umeniona? Nilikaa pale mezani kwako kama bikira wa kuchongwa. Na wewe, loo, wewe ungekuwa mwanamume ungekuwa askofu. "Shemeji Berigoi, huyu mtoto haoni hata nyama yake, hebu mtoe hizo nywele machoni, mimi mikono ina mafuta." Hivyo tu! Kama mtu anayeomba chumvi! Nilipoutoa mkasi kwenye kikapu nikaona ni ule wa kunyolea kondoo, kumbe ule mdogo nimeusahau nyumbani. Nikasema basi tumekwisha. Na yeye akaushika, akaupindua, akanitazama mimi. Si mtoto, Desa. Mimi.

Sasa kuna kitu nataka kukuuliza, maana kimenikaa kooni njia nzima. Ulimwona alivyokata? Mtu anayetoa nywele machoni anakata mbele, basi. Huyu alikata kishungi cha mbele, kisha cha kulia, kisha cha kushoto. Akasimama hapo hapo. Akafungua kifungo cha shaba cha joho lake akampa mtoto mkononi. Halafu akamega mkate akala. Nani alimwambia kwamba kwa mila yetu kishungi cha kulia kinatangulia cha kushoto? Wewe ulimwambia? Mimi sikumwambia!

Nimemwambia Vuchina, sikuweza kukaa nalo. Hapo ndipo aligomba. Amepasua kiti. "Umempeleka mwanangu kwa mtu anayekuja kuniua?" Nikamwambia, "Sasa hawezi kukuua." Akasema, "Na mimi siwezi kumuua! Mama, umenifunga mikono mbele ya watu wangu. Akija, nifanye nini? Nimpikie?"

Hilo sikuwa nimelifikiria, Desa. Kumbe udugu unakata pande mbili kama ule mkasi. Kama Berigoi anauheshimu, wote wawili watapona. Kama hauheshimu, basi Vuchina atasimama kule juu ya mnara na mikono mitupu. Mwanangu ataheshimu, namjua, ni mkaidi kama marehemu baba yake, Hranko.

Niambie shemeji yako ni mtu wa namna gani. Niambie kweli.

Stana


Mjini, mkesha wa Yohana Mbatizaji

Dada,

Wameondoka alfajiri. Berigoi mbele. Ngazi wamezipakia juu ya nyumbu.

Unaniuliza ni mtu wa namna gani. Nimeishi naye nyumba jirani tangu niolewe na sijui. Nilimtazama alipopita mlangoni kwangu, akainamisha kichwa kama siku zote. Kuhusu vishungi, mimi sikumwambia kitu. Usiliandike tena jambo hilo popote. Barua ile nimeichoma, na nyingine zote.

Pamoja naye wamemtuma Mlatini mmoja wa baraza, ili amtazame. Mwambie Vuchina atoke. Nakuomba. Tolen ameahidi kumpiga punda njia nzima.

D.


Kamenyak, baada ya sikukuu ya Petro na Paulo

Desa, Desa,

YUKO HAI. Nimeanza na hilo usije ukasoma huku umeshika moyo.

Barua yako imefika baada ya jeshi. Tolen aliwakuta njiani akajificha kwenye kichaka na punda, punda akalia, wakamnyang'anya chumvi yote. Mimi nilikuwa nimeshatoka, maana nilisikia mbwa wa bonde zima. Nilipanda ule mwamba juu ya kivuko na Luba na mtoto. Luba alisema tujifiche. Nikamwambia, "Nijifiche nisione? Mimi?"

Walikuja wengi. Wakajipanga ukingoni. Vuchina juu ya mnara, nimemjua kwa suruali. Upepo tu. Berigoi akaingia na farasi kwenye maji mpaka magotini mwa farasi, akasimama.

"Vuchina!" anaita, kwa lugha yetu, safi kabisa, kama mtu wa Kamenyak. "Mtoto anaendeleaje na kichwa?"

Vuchina akajibu, "Umemharibu. Kama kondoo mwenye upele!"

"Mkasi ulikuwa wa mama yako!"

Watu wakacheka, pande zote mbili, kile kicheko cha kuogopa. Berigoi akavua kofia ya chuma akageukia watu wake. Akasema kwa lugha yetu hiyo hiyo, ambayo Mlatini wao haijui, "Mtoto wa huyu nimemnyoa kwa mkono wangu, na mkate wao nimekula. Mimi maji haya sivuki." Basi.

Sasa askari wake si nusu ni watu wa huku huku, waliokwenda mjini kutafuta mkate? Wakatazamana. Mmoja akaweka ngazi chini. Mwingine akaweka. Yule Mlatini wa baraza akapiga kelele mpaka akawa mwekundu, nao wakawa wanajifanya hawajui Kilatini, mpaka yule ambaye nimemsikia kwako siku ya Vid akiimba Kilatini! Wakakaa kwenye majani. Mmoja akavua viatu.

Mlatini akatuma mtu mbio kwenda kuwaita Waveneti kwenye merikebu zao. Hao hawajui mambo ya nywele, hao wangevuka. Berigoi aliona, na Vuchina akaona kwamba kaona. Berigoi akanyoosha mkono akaonyesha nyuma, kule milimani, mara moja tu. Vuchina akashuka na watu wake, Bogdan wakambeba maana alikuwa amelala, wakatoka kwa nyuma. Walipokuja Waveneti wakakuta mnara mtupu.

Basi mpaka umepanda tena, umetupita. Sasa jiko, zizi, mimi, sote ni wa Mwana Mkubwa. Vuchina yuko ng'ambo ya mlima na Luba na mtoto. Mwana Mdogo amemfokea halafu amempa mnara mwingine, minara haiishi. Simwoni, lakini anapumua.

Ila Berigoi, walimfunga mikono pale pale ukingoni. Hakuna aliyemgusa katika watu wake, Mlatini amemfunga mwenyewe, fundo lenyewe hajui kulifunga. Nilitaka kushuka nimwambie neno. Luba akanishika sketi.

Watamfanya nini?

Stana


Mjini, siku ya Mtakatifu Margareta

Dada Stana,

Yuko gerezani chini ya mnara wa bandari. Baraza linasema ameuza kivuko. Yeye anasema hivi, na anarudia hivyo hivyo kila siku: "Mimi ni mtu wa mjini. Niliombwa nitoe nywele machoni mwa mtoto, nikatoa. Baadaye askari wangu wa milimani ndio walioniambia maana yake, na wakakataa kupigana. Ningefanya nini peke yangu?"

Wakiamini kwamba hakujua, ni mjinga tu, watamfukuza. Wakiamini kwamba alijua, ni msaliti, na msaliti wanamtoboa macho. Chuma kimeshaletwa, Sergi amekiona. Sergi halali, ni ndugu yake. Ananitazama, haniulizi kitu. Nami simwambii kitu.

Hakuna shahidi aliyekuwa karibu na mkasi ila mimi na wewe. Mimi ni mke, hawanisikilizi. Wewe sasa uko upande wao wa mpaka, ni mtu wao, kwa hiyo wanakuita. Watakuja kukuchukua. Utaapa juu ya mifupa ya mtakatifu. Hutaruhusiwa kuja kwangu, wala mimi kuja kwako, wala kuandikiana kabla.

Barua hii nimempa Tolen ndani ya kiatu. Dada, maisha yote nimekuomba unyamaze na hujaweza. Sikuombi leo. Sijui niombe nini.

Desa


Kamenyak, baada ya sikukuu ya Bikira Maria ya Agosti

Mdogo wangu,

Najua umesikia hukumu, lakini hujasikia ilivyokuwa, na nani atakueleza kama si mimi?

Wameniingiza kwenye ukumbi mkubwa kama zizi la jitu. Waheshimiwa wamekaa, ndevu hawana, nikadhani ni masista. Wakaleta kisanduku cha mifupa, nikaweka mkono, nikaapa nitasema kweli. Na Desa, mimi kwenye mifupa sidanganyi. Baba alikuwa padri, wa hawa wetu wa milimani wanaooa. Nimetoka nyumbani nikijua kwamba nikifungua mdomo kishungi cha kulia kitatoka, maana mimi nafahamiana na mdomo wangu.

Kilatini sijui, kwa hiyo wakaleta mkalimani. Nikamwona tu nikajua tumekwisha. Ni mtu wa huku juu! Nimemjua kwa alivyofunga mkanda. Nikasema, Stana, wengine wote humu ni vipofu, huyu ana macho.

Wakauliza. Naye akaniuliza, "Mama, mkuu huyu alijua maana ya anachofanya?"

Nikasema, "Baba, ya moyoni mwa mtu nitajuaje? Mimi na marehemu Hranko tumelala kitanda kimoja mpaka amekufa na sijajua kama alipenda supu yangu." Akawaambia kitu. Wakaandika.

Halafu akaniinamia, na hili Desa hakuna aliyemtuma kuuliza, kauliza mwenyewe, taratibu, "Mama, alikata vishungi vingapi?"

Berigoi alikuwa amesimama palee, minyororo miguuni. Hakuniangalia. Anaangalia dirisha, kama mtu anayetaka kulikariri.

Nikafungua mdomo. Na ukaanza kwenda wenyewe. Nikasema, "Vishungi? Subiri nikwambie kuhusu ule mkasi." Nikamwambia ulikuwa wa kondoo, ule mdogo niliusahau, na kwa nini niliusahau, kwa sababu asubuhi ile mbuzi mweusi aliingia jikoni, na ameingiaje jikoni, kwa sababu mlango haufungi, na haufungi tangu mwaka ule wa bura kubwa, ule upepo wa baridi wa milimani, ambayo iliezua paa la shemeji wa Tolen, ambaye mkewe ni yule aliyezaa pacha, mmoja mweupe mmoja mwekundu, watu wakasema mambo. Yote kweli! Hakuna neno hata moja la uongo! Nikamweleza kabichi inavyotiwa chumvi. Nikamweleza mashemeji wa Luba, mmoja mmoja. Mheshimiwa mmoja akaanza kusinzia. Mwingine anamuuliza mkalimani, "Anasemaje? Anasemaje?" na mkalimani amenyanyua mkono, yaani subiri, na mimi naendelea, maana kila nikikaribia mwisho wa hadithi naona vile vishungi vinanisubiri, nami nakata kona naingia nyingine.

Mpaka pumzi ikaisha. Mkalimani akanitazama. Muda mrefu, Desa. Nikaona amejua kila kitu, amejua tangu mbuzi mweusi.

Akawageukia wale waheshimiwa akasema maneno mawili matatu tu ya Kilatini. Mmoja akaja juu, "Maneno yote yale, na maana yake ni hiyo tu?" Mkalimani akainua mabega. Nikamshika mkono nikamuuliza kwa chini, "Umewaambia nini?" Akasema, "Nimewaambia hukumbuki. Sasa nenda nyumbani, mama, kwa ajili ya Mungu, nenda."

Basi macho amebaki nayo. Wamemvua joho, wamemfukuza mjini na pwani yote. Na unadhani kaja wapi? Jana jioni nakamua, naona mtu anapanda kwa miguu, mkono mtupu, anachechemea kwa ajili ya minyororo. Kasimama mlangoni. Kasema, "Mama Vuchina, nimekuja nyumbani." Nikampa kabichi, nikampa jibini, amekula kama ng'ombe. Kesho atavuka mlima kwenda kwa Vuchina na mtoto, nimemfungia mkate.

Usiku nilishindwa kujizuia. Nikakaa mbele yake nikamwambia, "Baba, wale hawapo, tuko wawili tu. Hebu niambie. Ulijua?"

Akatafuna. Akameza. Akaniuliza, "Mama Vuchina, nikikwambia nilijua, utanyamaza?"

Nikawaza kweli kweli. Nikamwambia, "Hapana."

Akasema, "Basi sikujua."

Kwa hiyo Desa, mtu akikuuliza huko, hakujua.

Dada yako,
Stana